Salon ya Bonane: historia iliyotundikwa ukutani

Mutu akisoma vitabu vya historia ya Katanga, atapata habari za mashimo ya shaba, za njia ya reli, za kujitenga kwa mwaka 1960 na za majina ya wakubwa. Akisoma vijitabu vya mila, atapata habari za ndoa, za matanga, za uchifu na za matambiko ya kijijini. Lakini nyumba ya cité na nyumba ya kambi, pahali ambapo watu wengi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wamepitisha maisha yao, haina nafasi kubwa katika vitabu hivyo. Ni kama vile mila zilibaki kijijini siku baba alipopanda treni kuja kazini, na historia ikasimama kwenye mulango wa kiwanda.

Sisi tunaona mambo kwa namna ingine. Katika kurasa hizi tunataka kuonyesha kwamba chumba cha mbele cha nyumba, kile tunachoita salon, kilikuwa pahali pa kutengeneza vitu kwa mikono, pa kusoma na pa kukumbuka. Tena tunataka kuonyesha kwamba juma la Bonane ndilo lilikuwa wakati wa kukipanga upya. Na hapo ndipo kuna hatari: katika juma hilohilo tunatupa, kila mwaka, sehemu ya historia yetu kwenye shimo la takataka.

1. Nyumba yenye mama ndani

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na muji wa Elisabethville, ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi, ulizaliwa mwaka 1910. Katika miaka ile ya kwanza, mufanyakazi aliletwa peke yake, kwa mkataba wa miezi michache. Alilala na wenzake katika kambi, akimaliza mkataba anarudi kwao. Mutu wa namna hiyo hana ukuta wake wa kutundika kitu.

Mambo yalibadilika hasa kuanzia 1928. Kompani iliona kwamba kutafuta watu wapya kila mara ni gharama, na kwamba wengi walikuwa wanagonjwa na kufa. Haikuwa kwa upendo, ilikuwa hesabu. Ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu na kuita wanamuke wafuate bwana zao. Kambi zikapata nyumba za familia, mposho, hospitali, maternité na masomo. Kisha cité zikaongezeka muji ulipokua: baada ya Kamalondo na Kenya, Katuba na Ruashi zilijengwa katika miaka ya 1950.

Basi salon ilizaliwa hivi: pale mama alipokuja. Nyumba ilikuwa ndogo, vyumba viwili au vitatu, lakini kimoja kiliwekwa kando kwa ajili ya wageni. Ndani yake kulikuwa viti vya mbao, meza, kabati ya vyombo na, kwa wenye bahati, radio. Mutoto hakucheza mule bila ruhusa. Salon ilikuwa uso wa familia mbele ya jirani, ambaye mara nyingi hakuwa wa kabila moja. Katika avenue moja walikaa Muluba, Mubemba, Mulunda, Musongye na Mutabwa, na kila mumoja alitaka mwenzake aone kwamba kwake kuko utaratibu.

Na siku ya kuonyesha ilikuwa Bonane. Neno lenyewe ni la Kifaransa, bonne année, lakini mdomo wetu umelifanya kuwa letu. Katika juma la mwisho la desemba, viti vyote vinatoka inje na kuoshwa. Ukuta unapakwa chokaa. Vitambaa vinafuliwa, vinatiwa maji ya unga wa muhogo ili vikauke vigumu, vinapigwa pasi ya makala. Fundi cherehani hana usingizi, sababu kila mutoto anangojea nguo yake. Asubuhi ya tarehe 1 januari, watoto wanapita nyumba kwa nyumba wakisema « Bonane! Bonane! », nao wanapata kitumbula, peremende au franka kidogo. Watu wakubwa wanakaribishwa kwenye salon, wanakula wali na kuku, na wanapoongea macho yao yanazunguka ukutani.

Mwaka 1974, wakati wa siasa ya authenticité, serikali iliondoa Noeli katika siku za kupumzika. Makanisa yaliendelea kusali, lakini kwa kazi na kwa masomo ilikuwa siku kama ingine. Mwaka mupya ulibaki. Hiyo iliongeza uzito wa Bonane kwa familia za wafanyakazi.

Tusisahau hali ya hewa. Bonane kwetu inaangukia katikati ya majira ya mvua. Watu wanafungiwa ndani saa nyingi, na mikono inatafuta kazi. Hapo njo tunafika kwenye vitu vyenyewe.

2. Sindano na gitaa

Wengine watasema kwamba kroshe na broderi si mila yetu, ni mambo ya masista. Ni kweli kwamba yaliingia kupitia foyer social na masomo ya wanawake, ambapo masista na assistantes sociales walifundisha kushona, triko, kupika na kuosha mutoto. Shabaha ilikuwa kumufanya muke wa mufanyakazi awe mama wa nyumba kwa namna ya Ubelgiji, mwenye kukaa nyumbani na kumutunza bwana ili aende kazini na nguvu.

Lakini tuangalie yaliyotokea kisha. Mama aliyejifunza kwenye foyer alirudi kwenye avenue yake na kumuonyesha jirani, chini ya muembe. Jirani alimuonyesha dada yake. Hakukuwa kitabu cha modele. Hesabu ya vitundu ilipita kwa mdomo na kwa jicho, sawa vile kijijini msuko wa kikapu ulivyopita kutoka kwa nyanya hadi kwa mujukuu. Tena lugha ya kufundishana ilikuwa Kiswahili, kwa kuwa mama Mubemba na mama Muluba hawakuwa na lugha ingine ya pamoja. Kwa hiyo kitambaa cha kroshe si cha kabila fulani. Ni cha muji. Na juu ya vitambaa vya broderi, kando ya maua, wamama waliandika maneno: Karibu, Mungu ni pendo, Bonne Année. Kwa mutoto asiyeenda bado shule, herufi za kwanza alizoziona nyumbani zilikuwa mara ingine zile za uzi mwekundu.

Kitu kinachofundishwa na bibi kwa mujukuu, kinachojulikana na avenue nzima, chenye wakati wake wa kutolewa na wakati wake wa kufungwa kwenye sanduku, tukiite nini kama si mila?

Kwa upande wa vijana wanaume kulikuwa gitaa. Wale wasio na feza walijitengenezea kwa kopo la mafuta, ubao na nyuzi za chuma. Walipiga jioni mbele ya nyumba. Kutoka mazingira hayo alitokea Mwenda Jean-Bosco, ambaye Hugh Tracey alimurekodi mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo. Namna yake ya kupiga kwa vidole ilisikika mpaka Nairobi na mbali zaidi. Dunia imemujua kwa sahani za muziki. Lakini kabla ya sahani, muziki ule ulikuwa wa barza na wa salon, wa kupokea wageni.

3. Tablo: kwa nini fimbo ukutani siku ya furaha?

Jambo linaloshangaza zaidi katika salon za miaka ya 1970 ni tablo. Uchoraji wa Lubumbashi ulikuwa umejulikana mbele ya hapo. Mwaka 1946, Mufaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua atelier iliyoitwa Le Hangar, ambamo walichora Bela, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Alipokufa mwaka 1954, atelier ikaunganishwa na Académie ya Laurent Moonens. Picha za ndege, za samaki na za nyoka zilizotoka mule zilikuwa nzuri, lakini wanunuzi wake walikuwa zaidi Wazungu. Hazikukaa kwenye salon ya Katuba.

Tablo za Katuba zilifanywa na watu wengine, ambao wengi hawakupita académie. Walichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, na picha zilitembezwa na kuuzwa kwa bei ambayo mufanyakazi aliweza kulipa. Mwenye kujulikana zaidi ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Vichwa vya picha vilirudirudi: mamba muntu, yule mwanamuke mwenye mukia wa samaki, na ile inayoitwa Colonie belge. Katika Colonie belge tunaona mufungwa amelala chini, askari mweusi anamupiga fimbo, mkubwa Muzungu anatazama, na juu kuna bendera ya Ubelgiji.

Tujiulize: familia inapaka chokaa, inashonea watoto nguo, inapika kuku, kisha inatundika juu ya kiti cha mugeni picha ya mutu anayepigwa. Kwa nini? Jibu lipo katika neno ambalo wachoraji na wanunuzi wenyewe walilitumia: ukumbusho. Tablo haikuwekwa kwa uzuri tu. Iliwekwa ili ikumbushe, na kukumbusha ndani ya Kiswahili chetu maana yake ni vile vile kufikirisha. Mugeni anaangalia, anauliza, muzee anaanza kueleza. Hapo mutoto anayeleta maji anasikia habari za fimbo, za kodi, za baba-mukubwa aliyefungwa. Somo la historia limetolewa bila ubao na bila chaki.

Tena kuna jambo la pili. Miaka ya 1970 haikuwa wakati wa kusema kila kitu kwa sauti. Mwenye kuangalia askari na fimbo ya zamani aliweza kufikiri juu ya askari wa wakati wake. Picha ilisema « Colonie belge », na kila mutu alielewa kwa kadiri yake.

Katika miaka 1973 na 1974, Tshibumba alimuchorea mwalimu Johannes Fabian historia nzima ya inchi, picha zaidi ya mia moja, na akamueleza kila moja kwa Kiswahili. Mazungumzo yao yalitoka katika kitabu mwaka 1996. Tshibumba mwenyewe alipotea karibu na mwaka 1981, hajaonekana tena. Picha zile leo ziko Amsterdam, katika musée iliyoitwa zamani Tropenmuseum. Mutu wa Uholanzi anaweza kuziona. Mutoto wa Katuba, ambaye babu yake pengine alikuwa na tablo ya namna ileile ukutani, hana pahali rahisi pa kuiona.

4. Kusoma katika salon

Watu wanazoea kusema kwamba Mukongomani hasomi. Tungependa wasemaji hao waangalie karatasi zilizokaa kwenye meza ya salon.

Kwanza gazeti. Mwana Shaba, gazeti la Union Minière na kisha la Gécamines, lilianza mwaka 1957. Lilikuwa gazeti la mukubwa wa kazi, kwa hiyo halikusema mambo ya kumuchukiza. Lakini lilikuwa na foto za wafanyakazi, habari za michezo na za kambi, na watu walilihifadhi kwa sababu ya sura wanazozijua. Watoto walikuwa na lao, Mwana Shaba Junior, lenye hadithi za michoro. Siku za likizo ya Noeli na Bonane, namba moja ilipita kwa mikono ya watoto wa avenue mpaka kurasa zinatoka.

Pili, maandiko yetu wenyewe. Mwaka 1965, katika muji huuhuu, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Elisabethville, kwa mashini, historia ya muji jinsi ilivyoonwa na maboyi, watumishi wa nyumba za Wazungu. Inaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Fabian aliichapisha pamoja na maelezo mwaka 1990. Basi mutu aliyepiga pasi na kupanga meza ya wengine alijua vizuri kwamba maisha ya nyumba ni historia, na alikaa chini akaiandika. Sisi wenye diplome tumechelewa kuliko yeye.

Tatu, kalendari. Watu wanaidharau, lakini ndiyo karatasi iliyosomwa zaidi katika nyumba. Mwisho wa mwaka kila mutu alitafuta ya kwake: ya kompani, ya parokia, ya duka. Kando ya tarehe, baba aliandika kwa kalamu: mutoto amezaliwa, shemeji amefika, feza ya kodi, kifo cha mama-mukubwa. Ilipoisha mwaka, familia zenye akili hazikuitupa. Zilitundika mupya juu ya ya zamani.

Na januari ya Kongo si mwezi mwepesi. Tarehe 4 januari 1959 ni siku ya fujo ya Léopoldville, nasi tunaadhimisha kila mwaka mashujaa wa uhuru. Tarehe 17 januari 1961 Lumumba na wenzake Mpolo na Okito waliuawa karibu na muji wetu, juma mbili kisha Bonane. Mwisho wa desemba 1962 askari wa ONU walishika Elisabethville, tarehe 3 januari 1963 wakaingia Jadotville, na kati ya mwezi kujitenga kwa Katanga kukaisha. Mwanzoni mwa januari 1967 mali ya Union Minière ilichukuliwa na serikali. Januari 1972, watu waliambiwa waache majina ya Kizungu. Ndiyo maana katika vitabu vya ndoa na daftari za shule za wakati ule tunaona Jean au Marie limefutwa, na jina la mababu limeandikwa juu yake. Tarehe 16 januari 2001, Laurent-Désiré Kabila aliuawa. Mambo haya yote yameingia katika nyumba wakati vitambaa vya Bonane vilikuwa vingali mezani. Kalendari ya familia iliyoandikwa kwa kalamu inaonyesha kitu ambacho kitabu cha shule hakionyeshi: siku ile, sisi tulikuwa wapi, na nani alikuwa ndani ya nyumba.

5. Salon ilipokuwa tupu

Septemba 1990, shimo la Kamoto, karibu na Kolwezi, lilianguka. Mwaka 1991 maduka na stoo za muji ziliporwa. Kisha, 1992 na 1993, kulitokea kufukuzwa kwa watu wa asili ya Kasai. Familia nyingi ziliacha nyumba, na vitu vya salon vilibaki, vikauzwa au vikaibwa kwenye gari la moshi. Gécamines ilianguka, mishahara ilichelewa miezi na miezi. Mwaka 2003, wafanyakazi 10 655 waliachishwa katika ile iliyoitwa départs volontaires.

Salon ilihisi yote hayo. Kwanza kabati iliuzwa, kisha radio, kisha viti. Kroshe, iliyokuwa kazi ya mikono ya kupamba nyumba, ikawa chakula: mama alishona si kwa Bonane yake bali kwa Bonane ya wengine, akatembeza vitambaa kando ya barabara pamoja na makala na mikate. Tusiseme kwamba ni aibu. Kwa miaka ile, sindano ya mama ililipa shule ya watoto ambao wengi leo ni walimu na waganga.

Tablo nazo ziliondoka. Wenye kununua hawakuwa tena na feza. Mamba muntu ilihukumiwa katika makanisa mengi ya uamsho kuwa ni kitu cha shetani, na watu waliichoma. Pahali pake pakaingia picha ya Yesu, kisha televisheni, kisha maua ya plastiki. Hatusemi kwamba hayo ni mabaya. Salon haikuwa kamwe jumba la makumbusho, ilibadilika siku zote kwa kadiri ya maisha. Lakini zamani kilichoondoka kilikuwa na mutu wa kukieleza. Leo muzee amekufa, kitu kimechomwa, na mujukuu hajui kama kilikuwako.

6. Kazi ya januari

Wako watu ambao wamefanya kazi. Tangu mwaka 2000, mradi Mémoires de Lubumbashi, wa walimu wa Université de Lubumbashi kama Donatien Dibwe dia Mwembu pamoja na Bogumil Jewsiewicki, umekusanya masimulizi ya watu wa muji, na Musée de Lubumbashi imeonyesha vitu vya nyumba za kawaida, vilivyotolewa na familia zenyewe. Tunawapongeza. Lakini musée haiwezi kuingia katika kila avenue. Mwenye nyumba anaweza.

Kwa hiyo tunapendekeza kitu kidogo. Kabla ya kuosha salon kwa ajili ya Bonane, familia ikae saa moja. Kila foto igeuzwe, na nyuma yake yaandikwe kwa kalamu ya risasi majina, pahali na mwaka. Kalendari za zamani zenye maandishi zifungwe pamoja na kuwekwa ndani ya sanduku mbali na mvua na mchwa. Kitambaa cha bibi, hata kimetoboka, kifungiwe karatasi yenye jina la aliyekishona na la aliyemufundisha. Na mwenye tablo ya zamani asiiuze kwa mupita-njia wa kwanza bila kuipiga foto na kuandika iliponunuliwa.

Kwa wenzetu walimu: masomo yanapoanza tena baada ya likizo, tumezoea kuomba watoto waandike jinsi walivyopitisha Bonane, na tunapata kurasa thelathini zenye kuku na soda. Tuwaombe mwaka mumoja waandike juu ya kitu kimoja cha salon yao: nani alikitengeneza, kiliingia lini, kilikuwa wapi mwaka 1991, nani akikiona anaanza kuongea. Waulize wazee kwa Kiswahili na waandike kwa Kiswahili, jinsi wazee wanavyosema. Wazee walioona kambi za Union Minière hawabaki wengi, na kila majira ya mvua yanawapunguza.

Waswahili wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Shaba ya Katanga imekuwa na daftari zake, na zilitunzwa Bruxelles. Daftari za nyumba zetu ziko bado ukutani na chini ya kitanda. Fagio la desemba lisizipite mbele yetu.